Mkanda wa Lege

Nilichokiona kwanza kwa Kalisti Ndaki si nywele zake, ingawa zinamfika kiunoni na ndizo watu wa machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu huanza nazo wanapomweleza. Niliona kwamba haitikii salamu. Nilimwamkia, "Shikamoo," naye akanitazama kwa upole, akatikisa kichwa mara moja, akanyamaza. Nikadhani kelele za mashine zimemziba masikio. Nilipofungua kinywa nirudie ndipo aliposema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nzito, kana kwamba hiyo marahaba ilikuwa imetoka mbali na ilikuwa imechoka kwa safari.

Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba masikio yake ni mazima. Ule ulikuwa muziki.

"Katika lege," alisema, "pigo la kwanza haligongwi. Linaachwa lipite. Mtu akikusalimia, ile ndiyo moja. Unaiacha. Unajibu kwenye tatu."

Alisema lege. Wasukuma wengi wa rika lake hawaipendi herufi r, nao huweka l mahali pake bila kuona hasara yoyote. Redio huwa ledio, rasta huwa lasta, na muziki wa rege ukifika kwao huwa lege. Kwa wengine hilo ni jambo la matamshi tu. Kwa Kalisti ni falsafa nzima. Aliusikia muziki huo mara ya kwanza alipokuwa akipakia pamba kwenye lori, ukitoka kwenye kanda ya dereva. Akauliza unaitwaje. Dereva, naye Msukuma, akamjibu, "Lege." Kalisti hakuhitaji maelezo zaidi. Aliusikia ule mwendo usio na haraka, besi likitembea kama ng'ombe aliyeshiba, akaelewa papo hapo: huu ni muziki wa kulegea.

Nilijaribu kumsaidia. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba rege ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwamba ilitokana na miziki ya ska na roksitedi iliyopigwa hukohuko, ikachukua pia ngoma za Warasta. Kwamba gitaa hukatakata katikati ya mapigo, besi ndilo huimba, na wapiga ngoma wengi kweli huliacha pigo la kwanza likiwa tupu. Nikaongeza kwamba jina la rasta linatokana na Ras Tafari, jina la mfalme wa Ethiopia kabla hajatawazwa. Kalisti alinisikiliza mpaka mwisho. Akaacha moja ipite.

"Umesoma vizuri," alisema. "Lakini hao waliokuandikia walisikia vibaya."

Historia yake ni fupi. Watu wa Jamaika walikuwa watumwa, na mtumwa ni mtu aliyekazwa: amekazwa mikono, amekazwa shingo, amekazwa hata namna ya kutembea. Siku walipofunguliwa, kitu cha kwanza walilegea. Walilegeza mabega, wakalegeza magoti, wakalegeza nyuzi za gitaa mpaka likaunguruma. "Ndiyo lege," alisema Kalisti. "Mtu aliyekazwa hawezi kudai haki. Anadai maji ya kunywa tu."

Falsafa hii ingemtosha kama angekuwa mkulima wa viazi. Kwa bahati mbaya, Kalisti ni mwendesha karasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli. Ndani yake gololi za chuma huponda mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Injini na pipa vimeunganishwa kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo sharti ukazwe. Karasha iliyokazwa vizuri hutoa kelele moja isiyo na mwanzo wala mwisho. Siku moja mkanda ulipolegea wenyewe, Kalisti alisikia pipa likisitasita kila linapozunguka, kisha gololi zikianguka kwa pamoja: kimya, chaka; kimya, chaka. Pigo la kwanza tupu. Anasema alikaa chini kwenye kifusi na machozi yakamtoka. Jamaika yote ilikuwa ndani ya pipa la bosi wake.

Kuanzia hapo alianza kuulegeza kwa makusudi, kidogo tu, wakati wa jioni bosi akiwa hayupo. Rafiki yake Thobias, fundi wa kuchomelea, alikuja na gitaa la besi alilojiundia kwa ubao wa kitanda, na Kalisti akapiga gitaa na kuimba. Wimbo wao mkubwa ulihusu haki ya watu wanaobeba viroba vya mawe. Wachimbaji waliotoka shimoni walikaa kusikiliza. Walisema muziki wa vijana huwakimbiza, na wao siku nzima wamekimbizwa; huu uliwangoja.

Mtu mmoja tu hakufurahi kungojwa, naye ni Asteria, mke wa Kalisti, ambaye watu humwita Mama Justa kwa jina la binti yao. Asteria aliujua ukimya wa mumewe tangu kanisani. Padri alipomuuliza Kalisti kama anakubali kumwoa, alikaa kimya muda mrefu hata wanakwaya wakaanza kukunja vitabu vyao, na mama mmoja akatoka nje kulia. Kisha Kalisti akasema, "Ndiyo," kwenye tatu, akiwa hajui kwa nini watu wamesimama. Siku ile Asteria alicheka. Lakini maisha ya ndoa yana maswali mengi kuliko ya padri. Umeleta mkaa? Umesikia mtoto anakohoa? Unanipenda? Kila swali lilikaa hewani kwanza, likizunguka kama karasha.

"Mimi si ngoma," alimwambia siku moja. "Usiniache kwenye moja."

Kalisti alifikiri juu ya jambo hilo. Alipopata jibu, mkewe alikuwa amekwisha lala.

Mambo yaliharibika mchana mmoja ambapo karasha ilikuwa imejaa mawe ya Esta, mama wa makamo anayemiliki shimo lake mwenyewe na anayeitwa Mama George. Kalisti alipewa kazi ya kuyasaga mawe hayo upesi. Lakini Thobias alikuwa amepita, na wimbo ulikuwa na ubeti mpya, na Kalisti akasema moyoni kwamba kulegeza kidogo hakuna ubaya. Alilegeza kidogo, kisha kidogo tena. Katikati ya ubeti wa haki mkanda uliruka, ukapaa juu ya vichwa vya watu kama nyoka aliyeitwa na wenzake, ukatua ndani ya sufuria la maharage la mama lishe. Pipa likasimama.

Mwenye karasha ni Mzee Magesa. Ametoka Musoma, ambako herufi r hutamkwa kwa ukarimu mkubwa.

"Kalisti! Mkanda umelegea au umelegezwa?"

Kalisti akaacha moja ipite. "Umelegezwa, bosi. Lakini kwa nia njema."

"Nia ya nani?"

"Ya muziki."

Magesa akachota unga ndani ya pipa. Haukuwa unga; vilikuwa vipande. "Tazama! Mawe ya watu yametoka makande! Muziki gani huu?"

"Lege, bosi."

"Ni rrrege!" alifoka Magesa. "Rrrege! Unaniharibia mashine kwa kitu ambacho hata kukitamka huwezi! Toka!"

Habari hizo zilifika Ngokolo, mjini Shinyanga, kabla maharage hayajapoa. Huko ndiko anakoishi Herman, kaka yake Asteria. Herman ni kiongozi wa kundi la ngoma la Bagalu. Siku za ngoma huvaa manyoya ya mbuni kichwani na njuga miguuni, hujipaka unga mweupe usoni, na hucheza akiwa na chatu hai shingoni. Mtu huyu alikuwa akiona haya kwa miaka mingi kuwa na shemeji mwenye nywele ndefu. Alifika Nyarugusu na gari la kukodi.

"Dada, panda," alisema. "Mwanamume aliyefukuzwa kazi na mkanda si wa kungojea."

Asteria alimgeukia mumewe. "Baba Justa, unaniacha niende?"

Lilikuwa swali rahisi. Lilihitaji neno moja, tena mara moja. Kalisti alilitafuta neno hilo, na alipolifikisha kwenye ulimi gari lilikuwa limeshapita kituo cha mafuta. Thobias, aliyekuwa karibu, anasema alimsikia akiliambia vumbi, "Hapana."

Hapo hadithi ya mtu mwingine ingekwisha. Lakini sisi tupo katika nchi ya dhahabu, ambako hakuna ajali isiyopewa maana. Mama George alikusanya makande yake, akayapeleka kwenye karasha nyingine yakasagwa tena, na yalipooshwa yaling'aa kuliko mawe yoyote aliyowahi kutoa. Mtu mwenye akili tulivu angesema mawe yake yalikuwa mazuri tangu shimoni, na kwamba yamesagwa mara mbili. Mtu huyo hakuwepo.

"Ni lege," alisema Mama George mbele ya watu. "Dhahabu ilikuwa imejikaza ndani ya jiwe. Yule mzee wa nywele akailegeza. Mie nilisikia kabisa mawe yakipumua."

Kesho yake watu walipanga foleni na viroba kwenye karasha ya Magesa wakimtaka mwenye nywele. Wengine walikuja na kuku weupe. Magesa, ambaye ni mfanyabiashara kuliko alivyo mtu wa Musoma, alimfuata Kalisti nyumbani kwake.

"Rudi kazini," alisema. "Na mkanda uulegeze."

"Ulisema naharibu mashine."

"Nilisema hivyo nikiwa nimekaza." Magesa akameza mate, akajilazimisha. "Njoo utupigie hiyo... lege."

Ubao wa tangazo ukapakwa rangi mpya: MAGESA KARASHA, HAPA TUNALEGEZA. Kalisti alirudi, akapiga, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na wasikilizaji wengi kuliko gololi. Ndiyo ilikuwa adhabu yake. Alipoimba juu ya haki ya wabeba viroba, wabeba viroba walifumba macho wakiombea viroba. Mchimbaji mmoja alimvuta pembeni na kumwuliza kwa heshima, "Mzee, ubeti wa dhahabu ni ule wa pili au ule wa tatu?" Mwingine aliomba unywele mmoja tu, aufunge kwenye sururu.

"Mimi si mganga," alisema Kalisti. "Mimi ni lasta."

"Ndiyo, mzee," alijibu yule mtu akitikisa kichwa kama aliyeambiwa siri. "Hata babu yangu, mganga, alikuwa hasemi."

Kadiri alivyokana ndivyo alivyoaminiwa, na kwa kuwa hukana baada ya kunyamaza kwanza, aliaminiwa zaidi.

Sifa hizo ziliingia Kahama, zikalala Nyahanga, zikafika Shinyanga, na zikawakuta wana-kamati wa mbina wakiwa katika kikao. Mbina ni mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno. Bagika hucheza upande mmoja wa uwanja na Bagalu upande mwingine, kwa wakati uleule, kila kundi likiwa na dawa zake na vituko vyake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji hukimbilia duara linalowavuta, na duara lililobaki tupu ndilo lililoshindwa. Kila ukoo una upande wake tangu zamani. Mwaka huu mbina itachezwa siku ya Sabasaba, na kamati ilitaka kivutio. Ikamwita Kalisti, nami nikamsindikiza.

"Karibu, mzee wa lege," alisema mwenyekiti. "Swali moja tu. Wewe ni Mgika au Mgalu?"

Tukangoja.

"Lege haina upande," alisema Kalisti.

Wana-kamati walitazamana. Mmoja alicheka. "Hakuna kitu kisicho na upande. Hata kunguru wa hapa tunajua ni wa nani."

"Lege ni ya watu wote."

"Basi itawekwa wapi?" aliuliza mwenyekiti kwa huzuni ya kweli. "Ngoma za asili zina nafasi mbili. Kwaya zina jukwaa. Mgeni rasmi ana hema." Baada ya majadiliano marefu, rege, muziki uliozaliwa ng'ambo ya bahari kutokana na mateso ya watu waliotoka bara hili, iliwekwa, pamoja na karasha yake, miongoni mwa wajasiriamali, katikati ya muuza asali na mtu wa majiko ya kupunguza mkaa. Eneo hilo liko katikati kabisa ya uwanja, kati ya Bagika na Bagalu, juani.

Herman, aliyekuwa kikaoni kwa niaba ya Bagalu, alimngoja mlangoni.

"Shemeji lasta! Umekuja kuuza majiko?"

"Mwangaluka, shemeji," Kalisti alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola. Sikiliza. Nasikia una dawa."

"Sina dawa."

"Aaa, sawa, huna," alisema Herman akikonyeza. "Mimi pia sina. Chatu wangu ananipenda tu. Sasa tufanye hivi. Siku ya mbina, ukinivuta watu mpaka duara langu libaki na mbwa, unamchukua dada yangu jioni hiyohiyo, na nitawasindikiza kwa ngoma mpaka barabarani. Wasipokuja kwako, nakukalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, nazinyoa hizo nywele mbele ya mgeni rasmi, halafu unarudi Nyarugusu peke yako ukiwa msafi. Unakubali?"

Nilihesabu moyoni. Kalisti alikubali kwenye tatu, kama kawaida.

"Basi nikamsalimie," akaongeza.

Nyumbani kwa Herman tuliketi uani, karibu na sanduku la mbao ambalo lilikuwa na matundu na ambalo sikuuliza lina nini. Asteria alitoka na maji ya kunywa. Alinipa mimi kwanza, kisha kaka yake, kisha akasimama mbele ya mumewe na kopo mkononi.

"Nasikia umekuwa mganga," alisema.

"Mimi si—"

"Najua. Mganga angejibu." Herman akacheka kwa nguvu. Asteria hakucheka. "Kaka amenitaka niimbe upande wake. Sauti ya kwanza, duara la Bagalu. Nimekubali. Ulitaka nikatae?"

"Dada, mwache anywe maji," alisema Herman. "Jibu litafika Sabasaba."

"Nimemwuliza yeye." Asteria alishusha kopo. "Baba Justa. Unataka nirudi, au unataka kushinda?"

"Urudi," alisema Kalisti.

Alilisema kabla swali halijaisha vizuri. Neno liligongana na la mkewe, kama mpiga ngoma mgeni anayeingia kabla ya wenzake. Herman alisahau kucheka. Kalisti mwenyewe alishtuka, akashika kidevu, akatazama chini kana kwamba ameangusha kitu cha mtu.

Asteria alikaa kimya. Kuku walipita. Chatu, kama alikuwa chatu, alijigeuza ndani ya sanduku lake. Nilitaka kukohoa lakini nikaona si mahali pangu. Ndipo aliponyoosha mkono, akampa mumewe lile kopo la maji.

"Njoo na mkanda wa akiba," alisema. "Ule wako utaruka." Akaingia ndani, na kwa muda tuliketi tukimsikia akitwanga kisamvu jikoni. Sipendi kukisia mambo nisiyoyajua, lakini mchi ule ulikuwa ukichelewa kila baada ya pigo.

Njiani kurudi Kalisti hakuzungumza mpaka tulipopita Kahama. Kisha aliniuliza kama maneno ya mkewe yalimaanisha kwamba atakuja upande wake, au alikuwa akimwonea huruma tu fundi asiyejua kukaza. Nilimwambia sijui. Aliridhika, au labda alikuwa bado kwenye moja.

Sasa tunangoja Sabasaba. Karasha imekwisha pakiwa kwenye lori la Magesa na kufunikwa turubai. Magesa ameandika jina lake juu ya pipa kwa herufi zinazoonekana kutoka jukwaa la mgeni rasmi. Amekubali pia kwamba siku ile ndani ya pipa kuwe na gololi tupu, bila jiwe, ili mdundo usikike. Lakini Mama George ameapa kwamba atapenyeza jiwe lake moja, dogo tu. Bagika wametuma mtu kuuliza kama lege inaweza kuwa yao kwa siku moja. Herman amenunua mkasi mpya na humwonyesha kila anayepita. Thobias amebadilisha nyuzi.

Jana nilimkuta Kalisti amekaa juu ya tairi la lori, mikanda miwili mipya shingoni kama chatu wa shemeji yake. Nilimwamkia.

"Marahaba," alisema papo hapo, karibu anikate neno. "Mwanangu, wewe uliyesoma. Hivi hiyo Sabasaba haiwezi kuletwa karibu?"